Msomaji wa kimya na mtoto wa fundi cherehani: historia fupi ya kushiriki kati ya wasomi

Fungua simu yako sasa hivi, ingia mu grupu ya promosiyo yenu au ya chama chochote cha wasomi, kisha uhesabu. Watu wako ndani kwa mamia. Wanaoandika ni walewale. Mmoja anatuma matangazo ya kazi. Mwingine anatuma vitabu vya PDF saa sita usiku, juu mega za usiku ni za bei ya chini. Mwingine anaandika pongezi kila mara mtu anatetea TFC yake. Lakini siku mtu anauliza swali la kweli, swali la masomo, kila mtu ananyamaza. Kesho yake kunaingia sala ya asubuhi, kunaingia tangazo la kifo, swali linapanda juu na kupotea.

Wengine wanasema huo ni uvivu wa vijana wa Kongo. Mimi siamini. Nimesoma agronomia, na shambani tulifundishwa kwamba mmea ukikauka usianze kuutukana. Chimba, uangalie udongo, uangalie mizizi. Basi leo nataka tuchimbe pamoja. Swali langu ni moja tu: katika historia, watu wa pembeni, wasio na cheo wala jina, waliingia namna gani katika mazungumzo ya wasomi, na ni nini kiliwafungia mlango?

1. Muuza vitambaa wa Delft

Mbele ya intaneti kulikuwa barua. Mwaka 1660, kule London, kulianzishwa chama cha wasomi kinachoitwa Royal Society. Katibu wake alikuwa Henry Oldenburg, Mjerumani aliyehamia Uingereza. Kazi yake kubwa ilikuwa kupokea barua kutoka Ufaransa, Italia, Uholanzi na kwingine, kuzitafsiri, kuzisoma mbele ya wenzake, kuuliza maswali na kurudisha majibu. Mwaka 1665 akaanza kuchapa jarida, Philosophical Transactions, ambalo linatoka mpaka leo. Hiyo kazi ya barua haikuwa mchezo. Mwaka 1667, wakati Uingereza ilikuwa vitani na Uholanzi, Oldenburg alifungwa katika gereza la Tower of London, juu serikali ilishuku mambo aliyokuwa akiandikiana na watu wa nje.

Mwaka 1673 akapata habari za mtu mmoja wa mji wa Delft, Uholanzi. Jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Hakusoma chuo kikuu. Alikuwa muuza vitambaa. Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati ule, hakukijua; alijua paka Kiholanzi chake. Lakini alikuwa anasugua mwenyewe vioo vidogo vinavyokuza vitu kuliko vyote vilivyokuwapo. Daktari wa mji wake, Reinier de Graaf, njo alimwandikia Oldenburg kumwambia: muandikie huyu mtu, anaona mambo.

Barua yake ya kwanza ilikuwa ya ukungu, nyuki na chawa. Vitu vidogo, vya nyumbani. Mwaka 1676 akaandika jambo ambalo lilishtusha wengi: ndani ya tone la maji ameona viumbe vidogo vinavyoishi na kutembea. London ilikuwa na mashaka. Leeuwenhoek hakukasirika na kuondoka. Aliita watu wa mji wake, wachungaji wa kanisa wakiwemo, waangalie kwa macho yao, kisha akatuma ushuhuda wao. Mwaka 1677 Robert Hooke akarudia kazi hiyo kule London, naye akaviona. Mwaka 1680 muuza vitambaa akachaguliwa kuwa mwanachama. Aliendelea kuandika mpaka kifo chake mwaka 1723, karibu miaka 50 ya barua, na hakuhudhuria kikao chao hata kimoja.

Tuangalie vizuri nini kilimwingiza. Hakuleta maoni juu ya maoni ya wengine. Alileta kitu alichokiona mwenyewe. Alikileta kwa lugha aliyoijua, na kulikuwa mtu upande ule aliyekubali kazi ya kutafsiri. Alipoulizwa uthibitisho, alitoa uthibitisho. Na jambo ambalo tunalisahau mara mingi: Oldenburg alijibu. Kama barua ya chawa ingebaki bila jibu, sijui kama ile ya viumbe vya majini ingeandikwa.

Lakini tusidanganyane. Mlango huo haukuwa wazi kwa kila mtu. Royal Society ilichagua wanawake wa kwanza kuwa wanachama mwaka 1945. Kutoka 1660 mpaka 1945, fanya hesabu mwenyewe.

2. Yangambi: ndani ya kazi, inje ya mazungumzo

Sasa turudi nyumbani, juu sisi pia tulikuwa na jamii kubwa ya wasomi mbele ya uhuru. Shida ni kwamba haikuwa yetu.

Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, kituo chake kikuu cha utafiti kikiwa Yangambi, kando ya mto Kongo, si mbali na Kisangani. Ilikuwa moja kati ya vituo vikubwa vya kilimo katika nchi zote za joto. Kila mwanafunzi wa agronomia amesikia habari za mngazi: kuna dura, yenye ganda nene kwenye mbegu, kuna pisifera, isiyo na ganda, na ukizikutanisha unapata tenera, ganda jembamba na mafuta mengi. Sheria hiyo ya urithi ilielezwa kutokana na kazi iliyofanyika Yangambi, na ikachapishwa mwaka 1941. Leo mashamba makubwa ya mngazi ya Indonesia na Malaysia yanapanda tenera. Utajiri wa mabilioni umesimama juu ya hesabu iliyofanywa kwetu.

Majina mawili njo yako juu ya ile kazi: Beirnaert na Vanderweyen. Ni haki yao, walifikiri vizuri. Lakini kazi ya namna ile inaomba mikono mingi. Inaomba watu wa kupanda juu ya mti, kufunika maua, kupaka chavua, kuandika alama, kuvunja mbegu moja moja na kupima ganda. Wafanyakazi wa mashamba ya INEAC walikuwa Wakongo. Waligusa mbegu kuliko mtu yeyote. Pengine waliona vitu ambavyo havikuandikwa popote. Hakuna aliyewauliza, na chuo kikuu cha kwanza nchini, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954 tu.

Njo maana mimi nasema kushiriki si kuwa karibu. Wale wazee wa Yangambi walikuwa ndani ya kazi na inje ya mazungumzo. Unaweza kuishi katikati ya elimu, kuibeba kwa mikono yako kila siku, na usiwe mmoja wa wanaoijenga.

3. Kikwit 1995: waliosemwa hawakuwa wanasema

Intaneti ilikuja na ahadi kwamba umbali hautakuwa tena kizuizi. Na kweli, katika mwanzo wake kuna mambo mazuri. Zamani wanafizikia walikuwa wanatumiana kwa posta nakala za makala ambazo hazijachapishwa bado. Vyuo vikubwa vilipata kwanza. Vyuo vidogo na nchi za mbali vilingojea miezi. Mwezi wa nane 1991, Paul Ginsparg, kwenye maabara ya Los Alamos kule Marekani, akaweka kompyuta moja inayopokea makala hizo na kuzitoa kwa kila anayeomba, siku ileile, bila malipo. Leo inaitwa arXiv. Mwanafunzi wa Lubumbashi na profesa wa Princeton wanaweza kusoma makala moja asubuhi moja.

Mwaka 1994 ukaanza mtandao mwingine, ProMED, wa madaktari na wataalamu wa kupashana habari za magonjwa ya kuambukiza kwa barua pepe: magonjwa ya watu, ya wanyama, na ya mimea pia. Haukumaliza mwaka mmoja bila mtihani mkubwa. Mwaka 1995 Ebola ilipiga Kikwit, katika Bandundu ya zamani. Watu 315 waliugua na karibu wanne kati ya watano walikufa, wauguzi wengi wakiwemo. Profesa Jean-Jacques Muyembe, yule aliyefika Yambuku mwaka 1976, alienda Kikwit, na damu ya wagonjwa ikatumwa inje ipimwe. Wakati huo, kwenye kompyuta za Ulaya na Marekani, wataalamu walikuwa wanaandikiana habari za Kikwit kila siku.

Na Kikwit yenyewe? Mji haukuwa na intaneti. Habari zilikuwa zinapita kwa redio, ile tunayoita fonii. Muuguzi aliyekuwa kando ya kitanda, anayejua mgonjwa alianza kuumwa siku gani na nani alimwosha, hakuwa na njia ya kuingia katika mazungumzo yale. Dunia ilisema mengi juu ya Kikwit. Kikwit haikusema kitu moja kwa moja.

Nimeweka Yangambi na Kikwit kando kwa kando kwa makusudi. Katika ya kwanza, mlango ulifungwa na utawala. Katika ya pili, ulifungwa na ukosefu wa waya na umeme. Leo waya tunao, hata kama umeme unakatika na mega zinakula mfuko. Simu iko mkononi. Basi juu ya nini bado tunakaa kimya?

4. Wale 27 wa mwaka 2009

Jibu moja tunaweza kulipata kwa watu wa hesabu, watu ambao tunadhani wanafanya kazi peke yao chumbani.

Mwanzoni mwa 2009, Timothy Gowers, profesa wa Cambridge mwenye medali ya Fields, aliuliza hadharani kama inawezekana watu wengi kutatua pamoja tatizo gumu la hesabu, mbele ya macho ya kila mtu. Alichagua tatizo kweli, si zoezi la darasani. Ili ulielewe kidogo, fikiria ule mchezo wa kuchora miraba tisa na kupanga alama tatu mstari mmoja. Sasa fikiria ubao wenye pande mingi kuliko mbili au tatu. Ni miraba mingapi unaweza kuacha imejaa bila kupata mstari? Jibu la jumla lilikuwa limethibitishwa mwaka 1991, lakini kwa njia ngumu sana. Gowers alitaka njia nyepesi.

Katika siku 37, watu 27 walitoa mchango wa vipande karibu 800 vya fikra, maneno kama 170,000 kwa ujumla. Njia mpya ikapatikana. Matokeo yakachapwa kwa jina la kubuni, D.H.J. Polymath, ili yasiwe ya mtu mmoja. Kati ya wale 27 kulikuwa Terence Tao, mwenye medali ya Fields naye, na kulikuwa pia mwalimu wa sekondari.

Kinachonivutia mimi ni sheria walizojiwekea. Walikubaliana kwamba mtu alete wazo dogo, hata kama halijaiva. Kwamba kosa ni ruhusa, juu kosa la mmoja linaweza kumfungulia mwingine njia. Kwamba mtu asijifiche wiki mbili kuchonga jibu zima peke yake, bali aonyeshe hatua yake wenzake waendeleze. Na kwamba heshima ni lazima: unaweza kusema wazo halisimami bila kusema mwenye wazo ni mjinga.

Hata pale, kazi haikugawanyika sawasawa. Wachache waliandika sehemu kubwa, wengi waliandika kidogo, na wengine wengi zaidi walisoma tu. Hiyo si aibu, ni kawaida ya watu. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, aliieleza kwa kanuni ya kukadiria: kati ya watu 100, 90 wanasoma kimya, 9 wanachangia mara moja moja, 1 anabeba mzigo. Si sheria kama ya Mendel, lakini ukirudi kuangalia grupu yako utaona haiko mbali.

Kwa hiyo grupu yenye watu wa kimya haijafa kwa sababu hiyo. Msomaji wa kimya anajifunza, na pengine anatumia alichosoma darasani au shambani bila sisi kujua. Shida inaanza pale ambapo hakuna njia ya kutoka kwenye 90 kwenda kwenye 9. Watu hawakatai kupanda ngazi. Ngazi haina kidato cha kwanza.

5. Mtoto wa fundi cherehani

Hapa naomba tutoke kwenye kompyuta tuingie kwa fundi cherehani.

Mwaka 1991, mwaka uleule wa arXiv, Jean Lave na Etienne Wenger walitoa kitabu kidogo juu ya namna watu wanavyojifunza kazi. Lave alikuwa amekaa na mafundi cherehani wa Liberia, Afrika ya Magharibi, akiangalia vijana wao. Aliona kwamba kijana hakuanza na kukata kitambaa. Kukata ni hatari: ukikosea, kitambaa cha mteja kimeharibika. Alianza mwisho wa kazi. Alishona vifungo, alikunja pindo, alipiga pasi. Kisha akashona vipande vilivyokwisha kukatwa. Kukata kulikuja mwisho kabisa.

Hata kwetu, pita Kadutu au Kenya ya Lubumbashi, utaona mtoto wa fundi kando ya mashine. Anafanya kitu kidogo, lakini kile kitu kinabaki kwenye nguo. Mteja atavaa kile kifungo. Na wakati anashona kifungo, anaona nguo nzima ilivyokaa, anamsikia fundi akibishana na mteja, anajifunza kazi bila mtu kumfungulia silabusi.

Sasa linganisha watu wawili. Mmoja amesimama mlangoni miaka mitatu anaangalia fundi. Mwingine ameshona kifungo siku ya kwanza. Wote wako pembeni, wote hawajui kukata. Lakini wa pili ameingia. Leeuwenhoek na chawa wake alishona kifungo. Mwalimu wa sekondari kati ya wale 27 alishona kifungo. Wazee wa Yangambi walishona nguo nzima, lakini wakawekwa inje ya mlango.

Mu grupu zetu tunamwomba mtu akate kitambaa siku ya kwanza. Akiandika, anataka aandike kama profesa: Kifaransa kisicho na kosa, nadharia tatu, hitimisho. Asipoweza, ananyamaza. Na anayo sababu ya kuogopa. Niliona mu grupu moja ya watu wa kilimo, kijana mmoja aliuliza namna ya kuhesabu idadi ya mimea kwa hekta. Asistanti mmoja akamjibu: "Ulipita namna gani mwaka wa kwanza?" Watu wakacheka kwa vikatuni. Swali lilikuwa jepesi, jibu lake ni mstari mmoja: gawanya mita mraba 10,000 kwa nafasi ya mmea mmoja, na mahindi ya sentimita 75 kwa 25 yatakupa mimea 53,333. Hakuna aliyeliandika. Yule kijana sikumwona tena akiandika pale, na nadhani wengine wengi waliokuwa wanasoma kimya siku ile walijifunza somo: hapa usiulize.

Oldenburg alitafsiri barua ya muuza vitambaa. Sisi tunamcheka mwenye licence mwenzetu.

6. Zawadi haifungi mtu

Kuna wanaosema tutoe zawadi watu wataamka. Historia ya Kiswahili chenyewe inatuonya kidogo.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na kwa miaka mingi ilibebwa na watu wachache sana wa kujitolea. Mwisho wa 2009, kampuni ya Google ilifanya shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania: andika makala kwa Kiswahili, ushinde zawadi kama kompyuta na simu. Makala ziliongezeka kwa mamia ndani ya muda mfupi. Shindano lilipoisha, wengi walioandika hawakuonekana tena, na kazi ya kusafisha makala ikabaki kwa walewale wachache.

Siwalaumu wale wanafunzi. Walifanya walichoombwa na makala zao bado zinasomwa. Lakini jambo hilo tunalijua vizuri sisi wa Kongo. Semina ikiwa na pesa ya transpoti, chumba kinajaa. Semina bila transpoti, viti vinabaki. Zawadi inaleta watu mlangoni. Kinachowafanya wabaki ni kuona kwamba kitu walicholeta kilipokelewa, kilijibiwa, kilisahihishwa kwa heshima na kikatumika.

7. Kifungo cha mwana-agronomia

Niseme kwa mfano wa kazi yangu, juu hapa hatari ni ya kweli.

Kuna ugonjwa wa migomba unaoletwa na bakteria, BXW, ambao wengi huku Kivu wanauita kirabiranya. Ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye mmea wa ensete. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, na katika miaka ileile ya kwanza ya 2000 ukaingia Masisi. Kwa familia inayoishi kwa ndizi, hiyo ni minervali ya mtoto, chumvi na sabuni, vyote vinapotea kwa misimu michache. Mwaka 2016 akafika Afrika kiwavi jeshi vamizi kutoka Amerika, akala mahindi nchi kwa nchi, yetu ikiwemo.

Magonjwa ya namna hii yanatembea haraka kuliko makala za majarida. Nani anayaona kwanza? Mkulima. Nani anayaona wa pili? Mara mingi ni mmoja wetu, mwenye licence, anayepita kijijini kutembelea mama mkubwa, ana simu ya picha mfukoni. Sisi njo macho. Kama sisi tunanyamaza, inakuwa Kikwit tena: dunia itasema juu ya mashamba yetu, mashamba yetu hayatasema.

Na tuna ushahidi kwamba sauti ya hapa inaweza kubadilisha mambo. Zamani ushauri juu ya BXW ulikuwa kung'oa shina lote pamoja na machipukizi yake. Kazi hiyo inavunja mgongo, wakulima wengi hawakuifuata. Watafiti walijaribu njia nyingine, ya kukata tu mgomba ulioonyesha dalili, mapema, na kurudia kila mara, pamoja na kusafisha panga kwa moto au maji ya javel na kutoa ua dume kwa kijiti. Sehemu ya majaribio hayo ilifanyika huku Kivu. Ugumu wa mkulima ulisikilizwa, ukawa swali la utafiti.

Sasa kifungo chenyewe ni kipi? Mwaka jana mwanafunzi mmoja alituma mu grupu picha ya mgomba uliokauka, akaandika: "Wakubwa, hii ni nini?" Hakuna mahali, hakuna tarehe. Hakuna aliyeweza kumsaidia. Siku mbili baadaye mwenzake mmoja mwenye subira akamwuliza maswali matano. Ni eneo gani? Aina gani ya ndizi? Majani yalianza kugeuka rangi lini? Ukikata shina, baada ya dakika chache kunatoka majimaji ya manjano? Na ukipasua ndizi, ndani kuna rangi ya kahawia? Kijana akarudi shambani, akakata, akapiga picha ya pili. Majimaji yalikuwa yanatoka. Ndani ya saa moja watu ambao hawajawahi kuandika walianza kuandika: hata kwetu, hata kule kwa shangazi, wiki iliyopita. Siku ile ilikuwa jamii ya wasomi, kweli kabisa, bila bajeti na bila mgeni rasmi.

Ona kilichobadilika. Hakuna aliyekuwa mwerevu zaidi kuliko jana yake. Mtu mmoja aliuliza vizuri, mwingine akaleta alichoona, mlango ukafunguka kwa waliokuwa kimya.

8. Tufanye nini basi

Kwa wewe wa kimya: endelea kusoma, hakuna dhambi. Lakini siku moja kwa wiki leta kitu kimoja ulichokiona wewe mwenyewe, na uweke mahali, tarehe na kipimo. Mwanasheria alete kesi aliyoisikiliza kwenye tribunali bila kutaja majina. Muuguzi alete idadi ya wagonjwa wa malaria wa wiki yake. Mwalimu alete zoezi ambalo darasa zima lilishindwa. Andika kwa Kiswahili kama Kifaransa kinakufunga mdomo, mwingine atatafsiri.

Kwa wewe unayejibu, asistanti, CT, au mkubwa wa promosiyo: kazi ya Oldenburg iko mikononi mwako. Swali la kijinga lijibu kwa mstari mmoja, kisha umwulize mwenye swali anafanya kazi gani, wapi. Pengine nyuma ya swali la mimea kwa hekta kuna shamba la mahindi ambalo limeanza kuliwa na kiwavi, na wewe hujui.

Kwa wasimamizi wa grupu: wekeni siku moja ya wiki bila matangazo na bila PDF, siku ya maswali tu. Na mwisho wa mwezi mtu mmoja akusanye majibu mazuri kwenye faili moja, na majina ya walioyaleta, yote, hata ya aliyeleta picha moja. Majina ya wazee wa Yangambi hatuwezi tena kuyapata. Ya kwetu tunaweza kuyaandika.